Kuti la Ishirini na Moja

Karatasi ya kikundi chenu imefika. Riziki aliileta mwenyewe Jumatatu, akaniamkia vizuri, akaketi, akanywa chai yangu vikombe viwili, kisha akaitoa mkobani akasema, "Bibi, tunataka jina lako liwe la kwanza. Sisi tutafuata chini." Nikamwambia aiache. Nimeisoma, nikasafisha miwani, nikaisoma tena. Mnataka makuti yanayotoka kaunti nyingine yazuiwe yasiingie kwetu, na fundi wa kuezeka asiye wa hapa asipande paa lolote kuanzia Kikambala mpaka Sabaki bila barua. Kikao cha maoni ya wananchi ni wiki ijayo, na mnamtaka mzee wa kazi aisimamie hoja yenu.

Mzee wa kazi ni mimi, sikatai. Nimeshona makuti miaka arobaini na kitu, nimeyauza, nimeyapakia na nimeyasindikiza barabarani nikiwa nimekaa mbele na dereva. Uwanja mnaoshonea nyinyi hapo Muyeye niliufyeka mimi. Lakini kabla sijatia sahihi au kukataa, mtanivumilia kwanza. Nitazungumza kwa mpangilio wangu mwenyewe, na mwenye haraka aende akashone.

Kazi hii nilifundishwa na mavyaa, mama wa mume wangu, pale Sabaki. Nilipoolewa nilikuwa sijui kushona hata kuti moja. Kwetu tulikuwa watu wa mahindi na mihogo. Wiki ya kwanza tu aliniwekea mbele rundo la majani makavu ya mnazi na pipa la maji, akasema, "Roweka." Nikaroweka asubuhi, na adhuhuri nikaanza kushona, maana nilitaka anione mwepesi. Akaja, akalichukua kuti langu la kwanza, akalikunja kidogo, likavunjika vipande. Akasema, "Hili jani halijanywa maji. Wewe unashona kuni." Tangu siku hiyo najua kwamba jani hulazwa majini mpaka kesho yake, hata kama mnunuzi amesimama mlangoni anapiga kelele.

Mengine nayaandika hapa kwa sababu nimewaona baadhi yenu mkishona huku jicho moja liko kwenye simu. Ufito, kile kijiti cha kushonea majani, uwe wa mikono miwili, usizidi. Ukizidisha, kuti linalegea katikati na maji yanatuama papo hapo. Majani yapandane mawili mawili. Uzi wetu ni miyaa, yale majani ya mkoma yaliyochanwa membamba, si hizo kamba za nailoni mnazonunua dukani. Nailoni haiozi, ni kweli, lakini inalikata jani, na paa linaanza kunyonyoka mwaka wa pili. Ukimaliza kushona, liinue kuti ulitazame dhidi ya jua. Ukiona mwanga unapenya, fumua. Mavyaa alikuwa akinifumulia mwenyewe, bila kusema neno, nami nalia hapo hapo mbele yake. Nilimchukia mwaka mzima. Mwaka wa pili nilikuwa namfumulia wifi yangu.

Mafundi nao walikuwa na kipimo chao. Paa ambalo fundi anaweza kulala juu yake asiteleze, paa hilo litavuja. Nimewaona wenye nyumba wengi wakiwabishia mafundi ili wapunguze mwinuko, waokoe makuti mawili matatu, na nimewaona hao hao wakisogeza vitanda mvua ikinyesha.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hili ndilo lililonitia matatani. Makuti hayahesabiwi moja moja. Yanahesabiwa kwa korja, na korja ni ishirini. Lakini mavyaa alipofunga korja alipanga ishirini, kisha akaongeza moja juu, ndipo akakaza kamba. Hilo la juu tuliliita kuti la njia. Gari likirukia shimo kuti huvunjika, mpakizi akikanyaga huvunjika, basi la njia ni fungu la barabara. Halilipiwi na wala halitajwi. Mnunuzi hakuulizi, nawe humwambii, kwa sababu ukilitaja ni kama unamsimanga mtu kwa kitu ulichompa bure. Hata leo ukiniuliza korja ina makuti mangapi, nitakujibu ishirini, na nitakuwa nimesema kweli yangu, ingawa kwenye korja yangu utakuta ishirini na moja. Wanawake wote waliopitia uwanja wangu walifunga hivyo.

Nilikuwa na wanane. Mmoja alitoka Tana, alifuata mume aliyekuwa akifanya kazi ya hoteli, na wengine hawakumtaka. Walisema amekuja kutuibia kazi. Mwezi wa pili akatuonyesha namna ya kurudisha uzi nyuma kila baada ya majani manne ili mshono usifumuke kuti likikatika. Mshono huo mnaoutumia nyinyi leo, na mnauita mshono wa Malindi, ni wa mwanamke wa Tana. Yeye mwenyewe alirudi kwao na hatukumwambia asante.

Wa nane kati yao alikuwa Sidi. Huyu alikuwa rafiki yangu. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Charo, na alikuwa mshonaji hodari kuliko mimi, jambo ambalo sikuwahi kulisema akiwa karibu. Mimi nilikuwa msemaji, yeye mkimya. Nikipiga domo asubuhi nzima, yeye anashona, na ifikapo adhuhuri ana makuti kumi na mawili nami nina manne na habari za mji mzima. Alikuwa akinicheka kwa macho tu. Charo alikulia uwanjani kwetu, akaingia ufundi wa kuezeka, na mpaka anapata miaka ishirini na kitu alikuwa hajapewa paa la kusimamia yeye mwenyewe. Alikuwa akipanda chini ya mafundi wengine.

Kisha zikaja kaunti. Mwanzoni tulifurahi, maana ofisi ilisogea karibu. Lakini haukupita muda makuti ya ng'ambo ya mpaka yakaanza kuingia Malindi kwa malori. Siitaji kaunti yenyewe, siku hizi tunaelewana nao na sitaki kuchokoza. Yalikuwa rahisi kuliko yetu, na wenye hoteli wakayanunua. Yetu yakabaki yamerundikana uwanjani mpaka panya wakazaa ndani. Nikakasirika. Nyinyi mnaijua hasira hiyo, ndiyo iliyoandika karatasi yenu, kwa hiyo sitawaeleza ladha yake.

Kikao cha maoni kilipoitishwa nikaenda na wanawake wangu saba. Sidi alibaki, alisema ana korja za kumaliza. Wakauliza nani ana la kusema, nikapewa kipaza sauti. Nilisema, nakumbuka neno kwa neno, "Kila kuti linaloingia kwetu lilipe ushuru, na watoza ushuru wasiwaamini hawa kwa korja zao. Wayahesabu moja moja." Nilisema hivyo kwa kuwa nilijua sisi wenyewe tunaongeza la njia, nikawaza hao wenzetu wanaongeza matano. Ukumbi ukapiga makofi. Wanawake wangu walipiga makofi kuliko wote. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, na ile hoja ikapita vile vile kama nilivyoisema.

Miezi michache baadaye kaunti jirani nao wakapitisha ya kwao.

Mimi sikujali, kwa kuwa wakati huo nilikuwa nimepata oda kubwa kuliko zote za maisha yangu. Palikuwa na mzee mmoja, Bwana Hasmukh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alizaliwa Malindi mjini, nyumba zao zilikuwa nyuma ya soko, akahamia ng'ambo ya mpaka kufuata biashara. Alikuwa akimwoza binti yake, na alitaka kujenga ukumbi wazi wa arusi, uezekwe makuti ya kwao alikokulia. Korja mia. Arusi ilikuwa Jumamosi. Jumatano mchana makuti yawe yamefika, mafundi waezeke siku mbili, Ijumaa jioni watu wapambe. Nikamwambia fundi wangu ni Charo. Bwana Hasmukh akasema, "Kama wewe unamwamini, Mama Karisa, mimi sina neno. Akinifanyia vizuri, nina majengo mengine matatu."

Hilo likawa paa la kwanza la Charo kulisimamia. Na katika zile korja mia, arobaini zilishonwa na Sidi peke yake. Alishona miezi mitatu, na mara nyingine nilimkuta amefunga vidole vitambaa. Ilikuwa riziki yake ya msimu mzima na kazi ya mwanawe, vyote kwenye lori moja. Charo aliondoka Jumanne kwa basi na wenzake wanne. Mimi nikaondoka na lori Jumatano alfajiri.

Kwenye mpaka tukakuta kamba imefungwa barabarani na hema pembeni. Akatoka binti mmoja nadhifu, karani wa ushuru wa kaunti ile, mkononi ana kitabu. Jina lake Nuru, nililijua baadaye. Alikuwa na adabu, na mpaka leo siwezi kumsema vibaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Karatasi yako inasema korja mia. Korja moja ina makuti mangapi?"

"Ishirini."

"Una hakika, mama?"

"Mwanangu, nilikuwa nafunga korja wewe hujazaliwa. Ishirini."

Akaamuru ishushwe moja, akahesabu mwenyewe kwa kidole. Ishirini na moja. Ikashushwa nyingine. Ishirini na moja. Ya tatu hivyo hivyo. Akanitazama kwa huzuni, na hiyo huzuni yake iliniudhi kuliko kama angenifokea.

"Hili la ishirini na moja ni nini, mama?"

"Hilo halihesabiwi."

Niliposema maneno hayo nilijisikia mwenyewe nilivyo mwongo. Nikajaribu kumweleza habari za mavyaa, na njia, na mashimo. Dereva wangu akaanza kucheka, nikamkanyaga mguu. Yule binti akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kitabu chake akanionyesha mahali palipoandikwa. "Yahesabiwe moja moja, mama. Kifungu hiki tumekichukua kwenu, hatukubadilisha neno."

Lori likashushwa lote. Wakafungua korja zote mia, wakahesabu, wakaondoa la njia kwa kila korja, wakayarundika kando yaandikiwe karatasi yao mbali. Saa nane mvua ya vuli ikashuka. Turubai tuliyokuwa nayo ilifunika robo. Mvua ilipopita wakaendelea kuhesabu, na kila korja waliyomaliza ikafungwa upya, ikakazwa, imeloa vile vile.

Hapa napo jifunzeni. Kuti kuloa si taabu likiwa juu ya paa, kwani ndiyo kazi yake. Taabu ni likiloa limebanwa na wenzake. Linashika joto. Ukipenyeza mkono katikati ya korja unahisi uvuguvugu, na ukiusikia huo ujue una siku mbili, kisha litakuwa jeusi na litanuka. Mimi nilipenyeza mkono Alhamisi asubuhi. Nikawaomba wanipishe nikayaanike barabarani, wakasema mpaka hesabu iishe. Iliisha Alhamisi jioni.

Kumbe huko mbele Charo naye alikuwa hajapanda hata ngazi. Jumatano asubuhi vijana wa mtaa ule walimjia, wakamwuliza barua yake iko wapi. Akauliza barua gani. Wakamwambia sheria mpya, fundi wa nje hapandi paa la hapa bila barua ya ofisi ya wadi. Akaenda ofisini, wakamwambia barua inaandikiwa mkazi anayejulikana hapo. "Mimi simjui mtu hapa, atanijulisha nani?" akauliza. Wakamwambia ndiyo maana ya sheria.

Nilipofika Ijumaa asubuhi nilisikia nyundo kabla sijaona jengo. Vijana wale wale walikuwa juu wanapigilia mabati. Charo alikuwa ameketi juu ya begi lake la vifaa, chini ya ukuta, na wenzake wanne wamelala. Aliponiona akasimama akanisalimia, kisha akaketi tena. Bwana Hasmukh akaja mbio ananishika mikono.

"Mama Karisa, nisamehe. Arusi ni kesho. Nimengoja mpaka jana mchana. Mabati ninayo stoo, makuti sina. Wageni wangu siwezi kuwaweka juani."

"Hukukosea, bwana," nikamwambia, na kweli hakukosea. Akatuletea chakula kizuri sana, nami nikawaachia vijana sehemu yangu. Aliyeezeka bati haezui akarudi kwenye makuti. Yale majengo yake matatu mengine yana bati mpaka leo, nimepita nikayaona.

Tukarudi na lori lile lile. Wanawake wakatoka kulipokea, tukashusha, tukakata kamba. Yalikuwa meusi ndani. Mengine yalitoa moshi mwepesi yalipofunuliwa. Sidi alifungua korja zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, akizitafuta zilizopona, akapata tatu. Hakulia. Akakaa juu ya gogo, akaniangalia, akauliza mbele ya wote, "Nani aliyewafundisha watu hawa kuhesabu makuti moja moja? Makuti tangu zamani huhesabiwa kwa korja."

Wale wanawake saba wakainama, kila mmoja akatafuta kitu cha kufanya kwa mikono. Nami nikajibu, "Watu wa ofisi hao, Sidi. Unawajua walivyo."

Hakuuliza tena, nami nikajiambia yamekwisha. Yale makuti tulijengea mabanda ya kuku. Mwaka uliofuata Sidi alihama na mwanawe, akaenda ng'ambo ya mpaka kwa dada yake. Alisema anafuata kazi, kule makuti yake hayatavuka kamba ya mtu. Nilimsindikiza mpaka kituoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapo, tulingoja gari saa nzima. Nikazungumza habari za mahindi.

Mnaweza kuuliza ile kamba ilikatika vipi, maana leo lori linatoka Muyeye mpaka huko na risiti moja. Wengine husema ni wakubwa walikutana. Walikutana, ndiyo, lakini baadaye sana. Kwanza alikuja Nuru. Alifika uwanjani siku moja, hana kitabu, amefunga leso, anataka korja sita kwa ajili ya nyumba ya baba yake. Nilimtambua naye akanitambua. Nikamfungia. Akanitazama nikiweka la ishirini na moja, akaniuliza tena, sasa kwa kutaka kujua, nami nikamweleza tena. Kisha akasema, "Na mimi mwenyewe nitapita pale kwenye hema langu na haya."

"Utayahesabu?" nikamwuliza.

"Mwenzangu wa zamu atayahesabu."

Na kweli, aliniambia mwenyewe, alisimama juani na makuti ya baba yake yakifunguliwa moja moja na kijana aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe. Baada ya hapo akaanza kuandika kwa wakubwa zake. Akaja kwetu na makarani wa pande zote mbili, wakaketi kwenye mikeka, tukawafungulia korja na kuwafungia. Ilichukua miaka, watu walihamishwa, barua zilipotea. Mwisho wakakubaliana hesabu iwe ya korja, mtu alipe mara moja anapopakia, na risiti hiyo iheshimiwe mpaka anaposhusha. La njia halihesabiwi, wameliandika hivyo kabisa. Barua ya fundi nayo ikafa polepole. Vijana wa kule waligundua kwamba bati wanalijua na makuti hawayajui, na wenye hoteli zao walitaka makuti. Wakaanza kuwaita mafundi wa kwetu, nusu wa kwetu nusu wao juu ya paa moja, mpaka wakajua.

Haya. Sasa nyinyi mnasema makuti ya ng'ambo yanawaua, na kuna fundi wa nje anachukua mapaa yote ya hoteli. Riziki alipoondoka sikukaa bure. Jumanne nilipanda tuktuk nikaenda kwenye ile hoteli mnayoilalamikia, nimwone huyo adui wenu, yule mnayesema anavaa kofia ya kijani. Nikasimama chini, nikaita. Akageuka, akashuka ngazi haraka, akapiga goti akasema, "Shikamoo mama." Nikamwitikia, na sikumtambua mpaka alipovua kofia. Ana mvi sasa. Fundi wenu wa nje ni Charo, mtoto wa Sidi, kitovu chake kimezikwa Sabaki, na nusu ya vijana aliokuwa nao juu ya paa lile ni wa hapa hapa Muyeye. Ulizeni majumbani mwenu.

Nikamwuliza makuti yale anayatoa wapi. "Ya mama," akasema.

Alhamisi akanipeleka. Nilimkuta Sidi uwanjani kwake, amezeeka kama mimi, anashona. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akaniuliza hali za watu mmoja mmoja. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima namna ya kuanza, na yote yakapotea. Nikasema tu, "Sidi, ni mimi niliyesema yahesabiwe moja moja. Kule kikaoni."

Mkono wake haukusimama. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu jioni ile ile ya kikao. Wanawake saba walikuwa na wewe, Mama Karisa, na wote wana midomo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza. Makuti yaliporudi nilikuuliza mbele ya watu, ukaniambia ni watu wa ofisi. Nikasema, nitamngoja. Nilikungoja mwaka mzima. Hata pale kituoni nilikungoja. Ndipo nikapanda gari."

Nililia, sioni haya kuwaambia. Yeye aliniacha nilie, akamaliza kuti lake, akalitazama juani, akaliweka. Kisha akaniuliza habari za kikundi chenu. Nikamweleza ya karatasi. Hakukasirika. Alisema ana oda za hoteli mbili na hana mikono ya kutosha, na kama kuna wanaojua kushona kwa miyaa waje, awape kazi tangu wiki ijayo. Kwa nailoni wasijisumbue. Nimemwahidi watu watatu kwa majina, na mmoja wao ni wewe Riziki, utaniambia kama nimekosea.

Makuti yake yanauzwa rahisi kwa sababu wanachuma miyaa wenyewe na kukodi lori pamoja, hana uchawi. Hayo mnaweza kuyafanya hapo hapo mlipo, nami nitawaonyesha, vidole vyangu havishoni lakini mdomo ungalipo.

Karatasi yenu nairudisha na barua hii, haina sahihi yangu. Mtaisoma kikaoni mkitaka, siwazuii. Ila mimi nimeomba nizungumze kabla yenu. Nitataja jina langu, nitasema nilichosema ukumbini mwaka ule na kilichofuata, kwa kipaza sauti kama nilivyokisema mara ya kwanza. Sidi amekubali kuja kusikiliza. Mwekeeni kiti.